Tulivyozionja Zabibu za Jirani

Croix-Rousse, Lyon
Tarehe 1 Septemba

Mpendwa binamu yangu Gaëtan,

Kwanza nikujulie hali. Goti lako limepona baada ya ule upasuaji, au bado unachechemea ukipanda ngazi? Wifi yangu Noëlla hajambo? Na kijana wenu Timothée je? Nasikia amekupita urefu na anakula chakula cha watu wawili. Natumaini huko Nouméa baridi yenu ndogo imekwisha na mmeanza tena kwenda kuogelea.

Sisi tuko salama. Roland wangu analalamikia mgongo kama kawaida yake. Mimi bado niko pale pale kwenye duka la dawa, nawauzia watu krimu ya kukinga jua mpaka leo. Joto la mwaka huu limetuchosha kweli.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Jumanne nilikupigia simu, unakumbuka, tukaongea habari za joto na mvua mpaka nikasema nimeacha kitu jikoni. Sikuwa nimeacha kitu. Nilishindwa tu kusema nililotaka kusema. Mama yako amenikataza nisikwambie, nami nikamwitikia, na sasa hivi navunja ahadi hiyo. Nianze basi kabla sijaghairi.

Katikati ya Agosti tulipanda vilima vya Beaujolais kwa mama yako, Shangazi Léonie, kama kila mwaka, kabla ya mavuno. Unaijua desturi yetu. Tunafika Jumamosi mchana, tunakula, tunapita shambani kuonja zabibu, tunashuka kwenye ghala la mapipa, na Jumapili tunaondoka na makasha ya divai nyuma ya gari. Wiki ya mavuno yenyewe hakuna aliyewahi kutuona. Hata baada ya baba yako kufariki tuliendelea vivyo hivyo, na mimi nilikuwa nikijiambia kwamba tunamchangamsha mjane.

Safari hii Roland alitaka tumchukue bosi wake, Bwana Vautrin, pamoja na mkewe. Sikumuuliza Shangazi kama ataweza. Nilimwarifu tu kwa simu, kama mtu anavyoagiza meza hotelini. Akasema, "Waje, waje, nyumba ni kubwa."

Tulikuta meza imetandikwa uani, upande wa kivuli. Palikuwa na sungura wa haradali, viazi vilivyookwa kwa maziwa, jibini ya mbuzi, na ile keki ya lozi nyekundu aliyokuwa akikufichia wewe kabatini. Shangazi amekonda. Hakukaa hata dakika. Alikuwa akienda na kurudi, na kila akipita anashika migongo ya viti. Niliona, Gaëtan. Niliona kabisa, halafu nikamwomba chumvi.

Tulipomaliza kula akasema tutangulie shambani, yeye ana kitu kwenye jiko la kuokea. Keki ilikuwa tayari mezani, na jiko lilikuwa limezimwa. Sikujiuliza. Nikawaongoza wageni kilimani na kujitia mwenyeji. Nikamwonyesha Bwana Vautrin mizabibu aliyoipanda babu yetu, nikamweleza kwa nini zabibu za juu hukawia kuwa nyeusi. "Hii ni ya familia," nikasema, na nilijisikia nikilisema neno hilo kwa maringo. Mkewe alikuwa anakata vishada vizima na kuviweka ndani ya kofia yake.

Mara tukasikia trekta. Alikuwa Fernand Perrachon, jirani, yule uliyekuwa ukimwibia cheri. Alipiga kelele kabla hajatufikia.

"Nyie! Nyie hapo! Mnadhani hapa ni soko la bure? Tokeni!"

Kisha akanitambua. Akazima trekta na kuvua kofia.

"Aa. Kumbe ni wewe, Sabine."

Nikacheka. "Fernand, tangu lini mtu anafukuzwa kwenye shamba la shangazi yake?"

Hakucheka. Aliangalia mikono yake. "Hajakwambia?"

"Hajaniambia nini?"

"Basi," akasema. "Onjeni tu. Onjeni, hakuna neno." Akawasha trekta na kuteremka bila kugeuka nyuma. Mke wa Bwana Vautrin alisimama na kofia yake iliyojaa zabibu, hajui aitupe au aifiche.

Niliwaacha na Roland nikarudi nyumbani peke yangu. Mama yako alikuwa jikoni, amevua viatu, miguu ameiweka juu ya kigoda. Ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa. Mimi ninayeona miguu ya wagonjwa kila siku dukani, miguu ya shangazi yangu nilikuwa sijaitazama.

"Umemkuta Fernand," akasema.

"Shangazi, lile shamba sasa ni la nani?"

"La Fernand, tangu majira ya baridi. Nimempa alime. Yeye ana miguu. Mimi yangu imekataa kupanda kilima, na mizabibu haitaki kusubiri mtu apone ndipo ipogolewe."

"Na divai tuliyokunywa leo?"

"Yake pia. Mapipa nilimwachia pamoja na shamba. Si umeisifu? Nilikuona unamjazia yule bwana glasi." Akacheka kidogo, cheko lake lile la puani. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanikazia macho.

"Ningekuwa sina mizabibu, mngekuja?"

Gaëtan, nilifungua mdomo. Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea mtoni, ndiye aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu, na nilifungua mdomo pasitoke neno. Hata uongo ningeusema haraka ungenisaidia. Alinisubiri kidogo tu. Kisha akavaa viatu vyake akisaidiwa na meza, akasema kahawa inapoa na wageni wa watu watakuwa na kiu.

Mlangoni ndipo aliposema habari zako. "Usimwambie Gaëtan. Kila Jumapili akinipigia, anauliza kwanza zabibu zimefikia wapi. Nikimwambia hazipo, tutaongea nini?"

Sikuandikii haya ili nikuchome. Wewe uko ng'ambo ya dunia, una kazi na mtoto. Mimi niko umbali wa saa moja kwa gari. Kama kuna wa kulaumiwa, anza na mimi.

Tulipoondoka alitaka tupakie makasha ya divai kama siku zote. Nilisema mwaka huu hapana. Akakasirika kweli, akaniuliza mbele ya wageni kama divai ya nyumba yake imeanza kuninukia. Tukapakia. Aliyapataje kwa Fernand, sikuthubutu kuuliza. Njiani Bwana Vautrin akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mama mkarimu ajabu yule. Mwakani tena, eh?" Roland akawasha redio.

Jumamosi iliyofuata nilirudi peke yangu, bila kumwarifu. Alinifungulia mlango, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna watu garini.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, Shangazi."

"Basi umekuja kuchukua nini?"

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anauliza kama anavyomuuliza mtu wa posta. Nikamwambia nimekuja kumwona. Akasema hana chakula cha maana. Tukala mayai. Alasiri tukakaa kumenya maharage, hatujui la kusema, maana siku zote tulikuwa na shamba la kulizungumzia. Nikamuuliza kuhusu miguu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyonga imekwisha, na daktari alikuwa amempangia upasuaji Agosti hii hii. Aliahirisha mpaka Oktoba.

"Ulitaka nifanyeje?" akaniambia. "Agosti mnakuja."

Nilienda bafuni nikafungua maji ili asinisikie. Niliporudi nilimwomba anipe miguu nimkate kucha, kwa sababu niliona hawezi tena kuzifikia. Akabisha, akaniita mwenda wazimu, akaniuliza kama nimekosa wateja Lyon. Mwishowe akaniachia. Kabla sijamaliza mguu wa pili alikuwa amelala kitini, mdomo wazi. Sikuwahi kumwona mama yako akilala mchana mbele ya mgeni. Nikakaa chini sakafuni nimeushika ule mguu, naogopa kumwamsha.

Fernand anaanza kuvuna Jumatatu ijayo. Mama yako ameniambia siku hiyo atafunga madirisha yote ya upande wa kilima tangu asubuhi, hataki kuwasikia vibarua wakiitana. Ndiyo mara ya kwanza tangu aolewe kwamba mavuno yatapita nje ya nyumba hiyo yeye akiwa ndani, hana wa kumpikia wala wa kumgombeza. Nikamwomba nije nikae naye.

"Utakuja kufanya nini? Kutakuwa giza humu."

"Nitakaa tu."

Akasugua meza mahali ambapo palikuwa safi.

"Haya, lete mkate," akasema. "Wa hapa kijijini siku hiyo wataumaliza vibarua."

Nimeomba ruhusa kazini. Barua hii labda itakufikia mavuno yamekwisha, na mimi nitakuwa nimeshakaa naye. Sikwambii uje, wala sikwambii la kumwambia. Ni mama yako, unamjua kuliko mimi. Nimeona tu si haki aendelee kukutungia habari za shamba la mtu mwingine, nawe uendelee kufurahi huko. Akijua nimekwambia atanikasirikia, na sitajitetea.

Mbusu Noëlla kwa niaba yangu. Mwambie Timothée shangazi yake wa Lyon bado ana kitanda chake, ila sasa miguu itatokeza. Roland anakusalimu sana. Ameniuliza kama siku ya upasuaji wa Oktoba atahitajika mtu wa kuendesha gari. Nimemwambia ndiyo.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya, na atusamehe sisi tulio karibu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Sabine