Uliapa Hukuonja Sukari

Mama,

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani nimekaa hapa kukulilia. Kulia nililia mpaka arobaini ikapita. Hii ya leo ni hasira, na sina pa kuipeleka, kwa hiyo nakuletea wewe kama nilivyokuwa nakuletea kila kitu.

Juzi nimejipima sukari kwa mashine yako. Ile ile, ya kwenye kimfuko cheusi chenye zipu mbovu. Nilinunua vijiti vipya tu. Kabla sijatia kitu mdomoni ilisoma saba. Nikapika uji wako wa wimbi vile vile nilivyokuwa nakupikia: unga uliosagwa mara mbili, ukachekechwa mpaka makapi yote yakatoka, ukachemka mpaka ukateleza wenyewe kooni. Sukari sikutia hata chembe. Nikaunywa bakuli zima, lile lako la bati, na viazi vya kuponda kando. Saa moja baadaye nikajitoboa kidole. Kumi na nne.

Kumi na nne, Mama, na sukari sijaigusa!

Nikabaki nimekaa kwenye kigoda chako, kidole kinatoka damu, nasema kumbe. Neno hilo moja. Kumbe, kumbe. Maana kumi na nne ndiyo namba niliyokutukania.

Najua unaikumbuka siku ile, lakini niache niiseme. Ulikuwa mlangoni unaota jua. Nikakupima, nikaona namba, damu ikanipanda kichwani. Nikakuuliza sukari umeitoa wapi. Ukasema hujaonja. Nikachukua kikombe chako cha chai ya rangi nikakinusa. Mtu mzima na akili zangu, nanusa kikombe cha mama yangu mbele ya majirani! Nikapekua chini ya godoro. Nikafungua hata fundo la leso yako, nikakuta vidonge viwili na ufunguo. Ukaniangalia tu. Halafu ukasema, "Wallahi, Rukia, sijaonja." Na mimi, Mungu anisamehe, nikakujibu kwa sauti ya kusikika ploti nzima: "Usiape kwa Mungu uongo kwa sababu ya kijiko cha sukari."

Hukusema neno tena siku hiyo. Uliingia ndani ukajifunika leso gubigubi.

Kesho yake nikatia kabati kufuli. Nikaenda kwa Adan wa dukani, nikamwambia mama yangu akija asiuziwe kitu. Watoto wa ploti wakaanza kukuita Bi Sukari, nawe ukacheka nao. Nikajua tu, anacheka kwa sababu ni kweli.

Na ule uji nani aliuanzisha? Si mimi? Ulipong'olewa meno ya chini nikaona sasa zamu yangu ya kukulea. Kila kitu nikakisaga, nikakiponda, nikakichuja. Viazi, ndizi mbivu, wali uliopikwa mpaka ukawa bokoboko. Ukalalamika, "Mimi si mtoto wa kulishwa uji. Nipe kitu cha kutafuna." Nikakuuliza utatafuna na nini. Na nilikuwa nimekuona kwa macho yangu ukimaliza hindi la kuchemsha kwa ufizi, pole pole, huku unapiga soga. Lakini mimi nilikuwa najua kila kitu. Kliniki walitupa karatasi yenye picha ya sukari, soda na keki, zote zimepigwa msalaba mwekundu. Basi, mwisho wa somo! Nikaibandika ukutani, nikawa polisi wa karatasi. Kiazi hakikuwemo kwenye ile picha. Uji haukuwemo. Sikuuliza, na hakuna aliyeniambia.

Wiki iliyopita kliniki wameniambia mimi pia ninayo hii sukari. Usishtuke, imeshikwa mapema. Safari hii nimempata dada mmoja wa lishe, msichana mdogo tu, lakini ana subira ambayo mimi sikujaliwa. Hakuniuliza kama nakula sukari. Aliniuliza asubuhi nakula nini. Nikamwambia kwa maringo, uji wa wimbi, laini, sitii kitu, nimezoea kumpikia marehemu mama yangu. Akauliza nausaga vipi. Akauliza nauchemsha muda gani. Halafu akaweka kalamu chini.

Alinieleza hivi, Mama, na naandika kama nilivyoelewa. Wanga wote ukifika tumboni unageuka sukari, utie kijiko usitie. Tofauti ni mwendo. Kuna kipimo cha mwendo huo, wanakiita glaisemiki indeksi. Glukosi tupu wameipa mia, halafu vyakula vingine vinalinganishwa nayo. Mbaazi, ndengu, maharage viko chini kabisa, vinaingia kwenye damu taratibu. Viazi vya kuponda viko juu, vinaikaribia ile mia. Na chakula kile kile hubadilika kwa mkono wa mpishi. Ukikisaga sana, ukatoa makapi, ukakipika kupita kiasi, ukakiponda, umeshalifanyia tumbo kazi yake, basi sukari inakuja mbio yote pamoja. Akasema uji si sumu, ila ungebaki na makapi yake, uwe kidogo, na kando pawe na njugu au maharage ya kuupunguza kasi. Nikamwuliza, kwa hiyo mtu anaweza kupanda mpaka kumi na nne bila kulamba sukari? Akacheka kidogo. Akasema, "Mama, anaweza vizuri sana."

Sikumwamini. Ndiyo maana juzi nikajipima. Unanijua, hata malaika akiniambia jambo lazima nihakikishe.

Halafu kichwa kikaanza kunirudisha nyuma. Zile siku ulizokuwa ukishinda kwa Bi Zuhura, chumba cha mwisho karibu na bafu, ukirudi jioni mashine inasoma nane, tisa. Nilifanya nini? Niliipiga mashine kofi! Nikasema betri imekwisha. Kumbe kule Bi Zuhura alikuwa anakupa mbaazi nzima nzima na sukuma wiki, nilikuwa nawaona nikipita kwenda bafuni, unasaga kwa ufizi wako saa nzima huku mnasengenya watu. Yeye naye niligombana naye, nikidhani anakufichia visheti. Mashine ilikuwa inasema kweli. Wewe ulikuwa unasema kweli. Mwongo alikuwa mmoja tu mle ndani, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati.

Na wewe nawe! Kwa nini hukupiga kelele? Wewe uliyemfukuza askari wa kanjo kwa mwiko wa pilau mpaka akaangusha kofia, mimi ulishindwaje kunizaba kibao? Ungenizaba, Mama. Ungesema, kaa chini hapa, pika huo uji wako, nitakunywa mbele ya macho yako, halafu nipime. Asubuhi moja tu ingetosha. Ulininyamazia. Kunyamaza kwako ndiko kunakoniudhi kuliko yote, na najua sina haki ya kuudhika.

Sisemi uji ndio uliokuondoa. Kile kidonda cha mguu kilikuwa na mambo yake mengi, na daktari mwenyewe hakutaka kulaumu kitu kimoja. Hilo namwachia Mungu. Linaloninyima raha ni kwamba ulizikwa ukiwa na jina la mwongo, na jina hilo nilikubandika mimi.

Nilikwenda kwa Adan juzi hiyo hiyo. Nilitaka kumwambia mama hakuwa mwizi wa sukari. Akasema anajua. Akasema hukuwahi kumwomba sukari hata siku moja. Ulikuja mara mbili kutaka njugu, ukamwambia utazitwanga mwenyewe kwenye kinu chako. Akakunyima, kwa sababu mimi nilisema usiuziwe kitu. Aliyasema hayo akiangalia mizani, hawezi hata kuniangalia, kana kwamba kosa ni lake. Nikanunua njugu nusu kilo. Ziko hapa mezani, karatasi sijaifungua.

Jana ilikuwa hitima yako ya mwaka. Pilau lilitoka vizuri, usiwe na wasiwasi. Wanawake tulijaa chumbani mpaka kibarazani. Sasa unamjua Shangazi. Kwenye arobaini alisimulia kisa cha Bi Sukari, akakuiga unavyolamba kidole na kuapa wallahi sijaonja, watu wakacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Jana akakianza tena. Amefika tu kwenye kidole, nikasimama na sinia mkononi.

Sauti ilinitoka vibaya, kama ya kugombana. Nikasema mama hakuonja. Nikasema nilimpa uji na viazi vilivyompandisha sukari, halafu nikamwita mwongo mbele yenu, na aliapa kweli. Shangazi akasema, "Mwanangu, si tunamkumbuka kwa mapenzi tu." Nikamwambia mapenzi ya kumwita mama yangu mla yamini ya uongo siyataki. Halafu Bi Zuhura, kutoka pembeni, akasema, "Mimi nilijua siku zote. Wewe hukuniuliza." Hakusema kwa ubaya. Alinipokea sinia.

Usiniletee majuto ni mjukuu. Nimeambiwa na watu watatu tangu jana, na wa nne atapigwa na huo mwiko wako.

Sasa naenda, Mama. Kufuli la kabati nimelitoa. Mbaazi zimelowekwa tangu asubuhi, na hizi njugu nitazitwanga kwenye kinu chako, nile kwa niaba yako, nijipime, niishi. Na popote mtu atakapoanza kile kisa, hata kama ni harusini na bibi harusi amekaa, nitasimama nikikate. Hiyo nakuahidi. Mungu akupanulie mahali ulipo, akulishe vya kutafuna.

Wewe uliapa mara moja tu, ukaniachia. Mimi nilikuwa na siku nyingi za kukujibu ukiwa hai, ukiwa pale mlangoni unaota jua, nikazipoteza kwa kunusa vikombe. Jibu langu ni hili, nalo limechelewa: nakuamini, Mama. Hukuonja.

Mwanao,
Rukia