Chakula cha Kasuku wa Mwanaidi

Jumatatu, 6 Mei

Leo tena nimemnyang'anya kasuku zile karanga za chumvi. Nimezila mwenyewe nikichuma mchicha. Kasuku akapiga kelele, Mwanaidi akapiga kelele, sikujua ndege ni yupi.

Andika, Zuhura. Mwalimu wako wa kisomo kasema uandike kila siku, basi andika yangu, maana wewe mkwe wangu huna cha kusema. Usipambe. Haya si ya kusomewa watu.

Mwanaidi ni mke mwenzangu. Mume alishakufa, tumebaki sisi. Yeye alikuwa na nyumba yake Mvumi, mimi yangu Zombo. Tulikutana misibani tu, tukasalimiana vizuri. Ndiyo maana hatukuuana. Mwaka jana likaja lori la kuhamia kijijini. Wakasema wajane wa mtu mmoja ni kaya moja. Chumba kimoja, jiko moja. Yeye kashushwa kabebwa, kapooza miguu, kapakata kasuku. Hata chungu hakuleta.

Kasuku mwenyewe ni hawa wa kijani wa porini. Lakini huyu huwezi kumjua. Kajinyonyoa kifua chote, ngozi kama ya kuku wa kuchoma. Mnene, anahema. Mwanaidi anampa chai ya sukari, mkate, ugali wa mafuta, na pilipili eti apate kusema. Kasema nini? Anakohoa kama mzee wa tumbaku.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeanza. Nani atanizuia? Jiko liko mkononi mwangu.

Asubuhi papai na majani ya maboga. Mchana suke la mtama, apukuchue mwenyewe, mdomo ufanye kazi. Jioni kuyu, matunda ya mikuyu ya kule mtoni. Maji matupu. Karanga mbili mbichi, basi. Chumvi hakuna. Sukari hakuna. Chai anywe mwenye meno.

Walionifundisha ni kasuku wenyewe. Tangu msichana nakaa dunguni, kile kichanja cha shambani, naamia ndege wasile mtama, kombeo mkononi. Ukimwangusha ukampasua unaona alichokula. Adui yangu miaka yote. Tumbo lake nalijua kuliko la wanangu.

Mwanaidi kasema, "Ramadhani bado, dada, mbona unamfungisha?"

Nikamwambia aliyemnyonyoa ni wewe, si mimi.

Na ni kweli. Huo ndio utamu wake. Natenda haki tupu, naye analia.

Jumanne, 14 Mei

Kasuku kagoma. Anatupa mtama chini, anamtazama bibi yake.

Nimepekua kitanda. Kwenye pindo la khanga kuna sukari. Chini ya mto maandazi mawili. Wanawake wanaokuja kumpa pole ndio wanaomletea. Yeye mwenyewe hali. Anamtafunia ndege, anamtia mdomoni kama mama wa njiwa. Usiku kasuku kaharisha maji matupu, asubuhi kajikunyata, kavimba kama mpira wa matambara.

Nikachukua tundu nikalipeleka jikoni. Mwanaidi hafiki jikoni.

Kalia mchana kutwa. Zuhura kaacha kuandika, ananitazama. Nikamwambia, mwanangu, mimi nililia miaka kumi na hakuna aliyeacha kuandika. Mume wetu alimwona huyu pale stesheni ya Kilosa, kavaa khanga mpya, anauza ndizi. Alikwenda kununua jembe. Msimu ule hakurudi Zombo. Mimi nimekaa dunguni nalinda mtama wa mtu asiyekuja kuula. Aliporudi alileta jembe, na habari za harusi. Jembe lenyewe zuri, sisemi uongo. Nimelilimia mpaka likaisha.

Endelea.

Jumatatu, 20 Mei

Kala mtama. Kala kuyu tatu. Choo kigumu sasa. Anapanda kidole changu.

Mwanaidi hali. Kasema kasuku asipokula kwake na yeye hali. Nikaweka uji wake pale, nikakaa, nikaunywa mbele yake wote. Ulikuwa na ndimu.

Jumatano, 22 Mei

Mwanaidi kala. Njaa haina ukewenza.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya hii.

Mama Yohana, jirani yetu wa kutoka milimani, kaleta parachichi. Kaketi na mgonjwa, wakaongea. Akasema kwao misheni kasuku wa padri alikula parachichi, jua halijazama kafa. Angalieni msimpe. Akaenda zake. Mimi nimesikia yote nikiwa mlangoni.

Mwanaidi akaniita kwa sauti ya asali. "Dada yangu, niletee nimwone tu. Nimuage, maana sasa ni wako."

Nikaenda jikoni. Nikamweka begani, nikarudi. Mkono mmoja kaunyoosha, mmoja kauficha kwenye shuka. Nikafunua. Kiganja kimejaa parachichi, limepondwa tayari.

Nikasema, "Ulitaka kumuua?"

Kasema, "Bora afie mkononi mwangu kuliko anone begani kwako." Hakuona haya. Nami ningesema vilevile.

Nikamrudisha ndege jikoni, nikafunga mlango. Nikarudi nikaketi kitandani kwake. Nikamlisha lile parachichi mwenyewe, kidole baada ya kidole, mpaka kiganja kikawa safi. Akameza. Tunatazamana. Sijawahi kumkaribia hivyo tangu tujuane. Ngozi yake laini bado, mshenzi.

Ijumaa, 28 Juni

Kifua kimeota manyoya. Kijani kibichi, na njano kidogo chini ya bawa. Hahemi tena. Leo karuka kutoka jikoni mpaka begani kwangu bila kuitwa, watu wa kisimani wakapiga vigelegele.

Nikampeleka kwa Mwanaidi. Kwa nini? Ili aone. Usiandike sababu nyingine.

Nilimpa kipande cha papai amshikie. Safi, nimeosha mwenyewe. Akanyoosha mkono. Kasuku akatazama papai, akamtazama yeye. Akapiga hatua mpaka kiwiko changu. Nikafikiri anakwenda. Akageuka. Akarudi juu, akajibanza shingoni kwangu.

Nilingoja matusi. Nilikuwa na yangu tayari, tangu mwaka ule wa stesheni.

Mwanaidi kasema, "Kapendeza." Akala lile papai. Akageukia ukutani.

Basi. Nimetoka, nimekaa hapa barazani na Zuhura. Upepo kidogo. Matusi yangu bado ninayo, sijui nimpe nani. Ndege ananichokoachokoa sikio, anatafuta kitu huko, hakuna kitu. Mtama wa shambani umeanza kuiva, kesho itabidi mtu akaamie, na mimi mkono wa kombeo haunyooki siku hizi, labda nika…

Ananiita. "Dada! Njoo unigeuze, ubavu umekufa ganzi."

Weka kalamu, Zuhura. Mshike huyu. Haya, shika. Hataki, kang'ang'ania nguo.

Basi acha. Naenda naye.