Kidole cha Habuba

Kamwokya, Kampala
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mpendwa Dada Husnah,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kibra, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mfungo unakwenda vizuri. Goti lako je, limekubali kusujudu? Sisi tu wazima wa mwili. Habuba anafunga. Daktari alimkataza na sisi tulimsihi, lakini bibi yetu ana miaka themanini na sita na hasikilizi mtu.

Nakuandikia kwenye karatasi, na kumpa dereva wa basi akuletee, kwa sababu ninachokuomba hakipiti kwenye simu.

Jumamosi iliyopita mwenyekiti wa zoni yetu, Bwana Erinayo, aliita mkutano wa wakazi juu ya mfereji. Ni ule unaopita nyuma ya jiko la Habuba, wanataka kuupanua. Nilikwenda kama mkazi, bila daftari wala kitambulisho cha kazi. Miaka ishirini na minne nimeandika mikutano ya watu wengine. Huu ulikuwa wa kwetu.

Mlangoni palikuwa na meza. Unakumbuka desturi ya huku: hakuna mkutano bila karatasi ya kuweka sahihi, na ukishaiweka unapewa soda. Karatasi ilikuwa imekunjwa sehemu ya juu na kubanwa kwenye ubao, tukaona mistari tu. Niliandika jina langu kwenye mstari wa kumi na nne. Habuba hajui kuandika, basi nikamshika kidole gumba, nikakichovya kwenye wino, nikakibonyeza kwenye mstari wa kumi na tano. Soda yake aliifunga kwenye mtandio kwa ajili ya futari.

Alal, jirani anayeuza chapati, alikuwa nyuma yetu akisita. Akaniuliza karatasi ile ni ya nini. Nikamwambia ni ya mahudhurio.

Sikuikunjua. Kazi yangu yote ni kukunjua karatasi za namna hiyo.

Ndani hapakutajwa kuhama. Injinia alieleza mafuriko, watu wakapiga makofi, tukarudi nyumbani. Jumatatu nakala ya karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwenyekiti, sasa ikiwa imekunjuliwa. Kichwa chake kinasema ni orodha ya wakazi walioridhia kuondoka ili mfereji upanuliwe. Majina ni mia moja na kumi na mawili. Jioni hiyo hiyo ukuta wa jiko na wa chumba cha Habuba ukapigwa alama nyekundu ya kubomolewa.

Nilikwenda kwa Erinayo nikamwambia tumedanganywa. Hakukasirika. Alinivutia kiti akasema, "Mzee Hamim, wewe ndiye mwandishi wa habari. Kama wewe umesaini bila kusoma, nani atamwamini Alal akisema hakujua?"

Nikatoka, nikaenda kuiandika habari yenyewe.

Mhariri wangu ameikataa habari hii kwa kuwa jina langu limo. Angekuwa mwandishi mwingine, ningemwambia vivyo hivyo. Alal bado ananiuzia chapati. Jana alinifungia mbili, akanikabidhi mbele ya wateja: "Chukua, mwandishi. Hizi hazina sahihi."

Wakili tuliyempata anasema pingamizi lazima lifike mahakamani si zaidi ya Jumatatu, tarehe 24. Kidole cha Habuba hakiwezi kufutwa kwa maneno yetu. Lakini ile karatasi ya kibanja, kiwanja chetu cha nyumba, ina majina manne: lake na ya wanawe watatu, baba yangu, mama yako na Mjomba wako Faruk. Kama ni hivyo, yeye peke yake hakuwa na uwezo wa kuridhia. Wakili anataka karatasi yenyewe, si picha. Mama yako, Mungu amrehemu, aliondoka nayo mwaka 1979 vita vilipotufukuza, na mara ya mwisho niliiona kwenye sanduku lake la bati, chini ya nguo.

Dada, lifungue sanduku hilo leo. Ukiipata, usiitume, panda basi uje nayo mwenyewe. Kama imeliwa na mchwa, niambie hivyo hivyo, usinifiche.

Nyumba ikibomolewa sina pa kumpeleka. Chumba ninacholala siku za kazi, kule Kabalagala, kiko juu ya baa, na ameshasema hatasali mahali hapo.

Nisalimie shemeji, Ayesha na pacha wake, na Mjomba Faruk ukimwona msikitini. Habuba anakusalimu. Nimemweleza kila kitu. Jana baada ya kufuturu alikikagua kidole chake, wino ukiwa bado umebaki kando ya ukucha, akaniambia, "Kidole ni changu. Nipeleke niwaambie nimekirudisha."

Nimemwahidi kumpeleka mahakamani hiyo tarehe 24, uwe umefika au hujafika.

Mungu akufungulie njia na akulinde safarini.

Nduguyo akupendaye, anayekungoja,
Hamim