Siku Kengele Haikulia

Kitangari,
Jumanne, mwezi wa nane.

Dada Yuster,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Masasi? Shemeji Erasto hajambo, na Julia kifua kimepona? Huku sisi wazima, ila baridi. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, nguo hazikauki. Mkono wa Mama ulioungua umeanza kushika ngozi mpya, na kukohoa kumepungua. Jana kala ugali wa muhogo kamaliza, akaulizia na ukoko.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanijua, maneno yananikwama, na Mama anakaa hapohapo anasikiliza. Barua nampa Sadallah, kondakta, kesho utakuwa nayo. Mwandiko usinicheke, tangu niache shule darasa la nne sijaandika maneno mengi hivi.

Dada, Ijumaa ulipiga simu ukasema Jumamosi hii unakuja kumchukua Mama akaishi kwako, maana haaminiki tena kukaa na nyumba. Ameshaanza kujiandaa. Kuku wake wote sita kampa Mama Huruma wa jirani. Mama Huruma akamtania, eti kuku wa mtu wa mjini si watataka chipsi hawa. Mama akacheka, halafu akaingia ndani akakaa kitandani na viatu miguuni. Halii. Namwangalia kila siku, halii, ila anapangusa vitu ambavyo ni visafi.

Nataka nikueleze habari ya ile kengele ya moshi.

Mwaka juzi ulipoileta, ulinipandisha kwenye kiti niifunge pale juu sebuleni, ukasema mbele ya watu wote hii kazi ni ya Chrispin, asiguse mtu mwingine. Mimi sijawahi kupewa kazi mbele ya watu. Nimeitunza dada. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tukitoka kanisani naibonyeza kwa mpini wa ufagio mpaka ilie, na Mama anaziba masikio anasema haya, shetani wa Yuster kaamka. Vumbi nalitoa kwa brashi kavu kama ulivyonielekeza. Ile mara betri ilipoisha nguvu, ikawa inalia kwi, inanyamaza, kwi tena, Mama alitafuta kifaranga chini ya kitanda siku mbili. Nilipomwambia ni kengele inaomba betri, akasema iko siku atakitupa hicho kidude chooni, hata mtoto mchanga analala. Watu walicheka, na wewe ulicheka kwenye simu. Nadhani hayo ndiyo maneno uliyoyakumbuka siku ya moto.

Siku yenyewe nilikuwa shamba napuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Mama aliingiza jiko la mkaa sebuleni aote, kama anavyofanya kila Julai, akasinzia kwenye kochi. Cheche ikarukia magunia matupu ya korosho. Gunia haliwaki mara moja, linafukiza tu. Halfani, huyu anayeuza maji kwa baiskeli, ndiye aliyeona moshi unatoka chini ya bati. Alisukuma mlango kwa bega, akamvuta Mama nje mkono umeshaungua, akamwaga ndani madumu yake yote manne. Mpaka leo anatangaza Kitangari nzima kwamba hajaona moto wenye kiu ya maji ya kununua kama huo. Lakini siku ile hakuwa na utani dada. Aliniambia alimwita Mama mara tatu ndiyo akaitika.

Ulipofika jioni ukabonyeza kengele, ikalia vizuri. Ukasema basi betri ilichomolewa, ikarudishwa baada ya moto. Ukamwuliza Mama. Mama akasema labda ni yeye, mwanangu, uzee huu, hakumbuki. Ukamgombeza sana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Dada, Mama hakuchomoa kitu. Ni mimi.

Msimu wa salfa mifuko naiweka sebuleni isiibwe, na mwenyewe nikirudi shamba ni unga mtupu mpaka kope. Ule unga unaingia kwenye vitundu vya kengele. Uliniambia adui yake ni vumbi, nikaogopa itaharibikia mikononi mwangu. Nikaivisha nailoni, nikaikaza kwa mpira wa baiskeli, nikasema nikishaoga nitakuwa naivua. Siku za mwanzo nilivua. Baadaye nikawa nachoka, nasema kesho. Siku ya moto ilikuwa na wiki mbili imefunikwa.

Nilipokimbia kutoka shamba nilimkuta Mama amelazwa nje kwenye mkeka. Dada, nilimpita. Niliingia kwanza ndani nikapanda kiti, nikaitoa ile nailoni nikaitia mfukoni. Kugeuka, mlango uko wazi na Mama ananitazama. Hajaniuliza mpaka leo. Na alipokwambia labda ni yeye, hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Nilitaka kusema, mdomo ukagoma, na kila siku ukazidi kuwa mzito. Sikutaka useme kazi ulimpa mjinga.

Sasa salfa nimehamishia kwenye kibanda cha nje, na jiko tumekubaliana mwisho wake barazani. Mama hajui kama nakuandikia.

Jumamosi ukija, usimwambie afunge mzigo. Kaa naye kwanza umwulize anataka nini. Akitaka kwenda kwako, boksi lake nitalibeba mpaka stendi. Mimi shamba siendi siku hiyo, utanikuta. Unigombeze mbele yake dada, na useme kwa sauti, asikie kwamba si yeye.

Msalimie sana shemeji, na Julia mwambie bibi yake amemwekea karanga. Mungu awalinde hapo mlipo.

Ni mimi mdogo wako,
Chrispin