Maziwa ya Mama Viateur na Mizani ya Akimana

Nyamirambo, Kigali
Alhamisi, 12 Novemba 1992

Mpendwa wifi yangu Mukankusi,

Kaka yako anakusalimu, watoto wanakusalimu, na mimi nakusalimu kwa mikono miwili. Hujambo huko Kigoma? Shemeji naye, kile kifua chake kimepoa? Sisi tunaamka, tunalala, tunashukuru. Kaka yako mgongo unamsumbua mvua ikinyesha, na mvua mwaka huu haichoki, lakini kazini anakwenda. Hali ya nchi unaisikia redioni kama sisi, sina la kuongeza.

Wale samaki wa ziwani, migebuka mikavu uliyotutumia kwa mkono wa Mutsinzi ilifika yote. Nilimgawia jirani vipande viwili na sasa ananiamkia kila asubuhi. Barua hii pia atakuletea Mutsinzi, akipata mafuta ya lori lake.

Sasa wifi, vuta kiti ukae. Ninalotaka kukwambia nimelibeba peke yangu mpaka limenishinda.

Ni binti yetu Akimana. Unajua harusi yake na Viateur, yule kijana wa uwanja wa ndege kule Kanombe, ni mwezi wa Januari. Mahari ilishapokelewa, na kaka yako alikuandikia. Kilichobaki kilikuwa gauni. Mwenzake wa ofisini, pale Kiyovu anapopiga taipu, alimwazima gauni lake la harusi, zuri kweli, lilitoka Ubelgiji. Alipolijaribu, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Fundi akaligeuza na kuligeuza, akasema lesi ile haina pa kufungulia. Basi mtoto akasema, kama gauni haliongezeki, atapungua yeye.

Mwanzoni sikuona ubaya. Nilimwambia apunguze ndizi za kukaanga, aache soda, atembee kwa miguu kutoka kazini. Wasichana wangapi wamefanya hivyo na hawakufa? Tatizo liliingia nyumbani pamoja na mizani.

Bosi wake Mzungu alirudi kwao kwa ajili ya vita, na mkewe akagawa vitu vya nyumba. Wenzake walichukua sufuria na mapazia. Wangu alichukua mizani ya kupimia watu, ile ya kupanda kwa miguu, yenye mshale. Ameiweka nyuma ya mlango wa chumba chake, na sakafu yetu ni saruji, kwa hiyo kila akiipanda naisikia inavyolia.

Wifi, naisikia kutwa. Anaipanda asubuhi kabla hajasali. Anaipanda akitoka msalani. Anaipanda akirudi kazini, na viatu bado viko mkononi. Mshale ukishuka, siku hiyo nyumba ina nyimbo, hata vyombo anaosha. Ukipanda, hata kidogo tu, anakunja uso, sahani anaisukuma, na ukimwuliza neno anakujibu kama umemkanyaga. Hicho chuma ndicho kinachotuamulia siku itakuwaje. Mimi nimemzaa, lakini siku hizi kabla sijamsalimia nasikiliza kwanza nyuma ya mlango.

Nilimpeleka kwa masera, yule mtawa muuguzi wa zahanati ya paruwasi, yaani parokia yetu, nikasema labda atamsikia mtu aliyevaa kitambaa cheupe. Masera alimweleza vizuri kabisa. Ajipime mara moja kwa juma, basi. Achague siku, tuseme Jumamosi, asubuhi, ametoka msalani na hajala, na nguo iwe nyepesi na ile ile. Alisema mwili hushika maji leo na kuyaachia kesho, chumvi huongeza, siku za mwezi huongeza, hata wali wa jana bado uko ndani. Anayepanda kila saa hapimi unene, anapima alichokunywa. Akimana akaitikia, ndiyo masera, asante masera. Tulipofika nyumbani akaipanda.

Hata hayo ningeyavumilia. Lakini ona kilichotokea tulipokwenda Kanombe kumsalimia mama yake Viateur, Mukamana.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari, nilikuwa nimemlazimisha Akimana kula wali wangu, nikasimama mlangoni mpaka akamaliza. Jumapili asubuhi mshale ukawa umepanda. Tulipoketi, Mukamana akaleta maziwa ya mgando katika kile chombo cha mti, akamimina kikombe, akaonja yeye kwanza, kisha akampa mkwe wake kwa mikono miwili. Desturi hii unaijua kuliko mimi niliyekulia Buyenzi, kwenye mtaa wa Waswahili. Mwenye nyumba anaonja ili mgeni aone ni salama, na akishaonja, hakuna wa kukataa. Akimana akakirudisha. Akasema, "Asante mama, sinywi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikacheka, nikasema mtoto ana tumbo, lakini nani ananiamini mimi nikicheka hivyo? Mukamana alikichukua kikombe chake taratibu, akaendelea kuuliza habari za mvua. Tulipoaga, hakutusindikiza. Alisimama ndani ya mlango, mguu wake haukugusa nje. Wifi, kwa watu wetu hapo mtu ameshakwambia kila kitu.

Tangu siku hiyo Viateur anakuja na uso chini. Anasema mama yake ana mawazo mawili na hajui lipi ni baya zaidi. Ama sisi tunamwona yeye mtu wa kutilia watu sumu, ama msichana ni mgonjwa na tunamficha. Maana anavyokonda kila mtu anaona, mifupa ya shingo imetokeza, na siku hizi nani akimwona mtu anakonda anafikiria gauni? Watu wanafikiria sida, huo ugonjwa ambao nyinyi huko mnauita ukimwi. Mukamana amemwomba padri asisome matangazo ya ndoa kwanza. Yalikuwa yaanze Jumapili hii.

Kaka yako anasema ni mambo ya wanawake, yataisha. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki hapa.

Sasa nakuomba, wewe ndiye shangazi. Bibi harusi anasemeshwa na shangazi yake, mama anapigiwa kelele tu. Mwandikie. Usimwambie aache kupungua, ataichana barua yako vipande. Mwambie mara moja kwa juma, kama alivyosema masera, na siku nyingine zote ale na watu.

Jumapili tunarudi Kanombe, mimi na yeye. Nitaibeba hiyo mizani ndani ya kitenge. Nataka Mukamana aione kwa macho yake, ajue kwamba si yeye aliyekataliwa, ni chuma hiki kilichomkataza mtoto. Tuombee.

Jumanne, 17 Novemba

Mutsinzi hajapata mafuta, kwa hiyo nimefungua bahasha tena. Nisikilize.

Jumapili tulifika salama mpaka bariyeri ya kwanza, pale wanapofunga barabara. Wanajeshi wakaangalia vitambulisho, wakaona kitenge changu kimefunga kitu kizito, wakasema nifungue. Nilifungua polepole, maana siku hizi kitu cha chuma si cha kuchezea. Mmoja akaigusa kwa kiatu, akauliza ni nini. Nikamwambia ni ya kupimia watu. Akaipanda pale pale kwenye matope, na bunduki yake begani, akainama kusoma. Mwenzake akamcheka, akamwambia umejipima na bunduki. Akaivua, akampa mwenzake aishike, na mshale ukarudi nyuma. Basi wakafurahi kama watoto, wakapanda mmoja mmoja, na sisi tumesimama mvuani tunawangoja wamalize. Niliogopa, lakini nilipotembea tena nikajikuta nawaza kile kitu. Kilichoko mkononi mizani inakihesabu, na kumbe hakijawa mwili wako.

Nikajiona mwerevu, wifi. Nikasema nimepata la kumwonyesha Mukamana na la kumfundisha Akimana kwa wakati mmoja. Nitampandisha mtu na kikombe cha maziwa mkononi, atakunywa hapo hapo, na mshale hautatoka mahali pake, maana maziwa ni yale yale, yametoka mkononi tu yakaingia tumboni. Mtoto aone kwamba anaogopa kivuli.

Mukamana alitupokea kwa adabu, baridi lakini kwa adabu. Akamimina, akaonja, akakiweka kikombe mezani katikati, hakumpa mtu. Nikaanza maelezo yangu, nikafungua kitenge, nikaiweka mizani sakafuni, nikamwambia, "Mama Viateur, hebu panda kwanza wewe."

Alisimama akarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema, "Hicho kitu mimi nakijua. Kitoe mbele yangu."

Kisha akakaa, na akatwambia jambo ambalo Viateur hakuwahi kumwambia hata Akimana. Alikuwa na binti, Kayitesi, mkubwa wa Viateur. Aliugua ugonjwa huo huo wa kukonda. Kila alipompeleka hospitali, kabla hawajamwuliza anaumwa wapi, walimpandisha kwenye mizani, na muuguzi akasoma kwa sauti. Kila safari ilikuwa chini kuliko safari iliyopita. Mwishoni Kayitesi hakuweza kusimama, Mukamana akawa anampakata na kupanda naye, kisha anapanda peke yake, ili wajue kilichobaki cha mtoto ni kiasi gani. Maziwa alikuwa akimwonjea kila siku, na mtoto anayarudisha, anasema asante mama, sinywi. Maneno hayo hayo.

Akanitazama mimi, si Akimana. Akasema, "Wewe unaniletea mizani nione mtoto mwingine anavyoshuka, nifurahi?"

Wifi, werevu wangu wote wa bariyeri ulinitoka. Nilitaka kuinama niifunge mizani tuondoke, harusi iishe, aibu iishe, kila kitu kiishe. Nililia, sikufichi.

Akimana ndiye aliyeinuka. Alivua viatu, akakichukua kikombe pale mezani kwa mikono miwili, akapanda juu ya mizani nacho. Nikafikiri, mama yangu, sasa hata hapa anajipima? Akatazama chini, akasoma. Kisha akanywa. Alikunywa polepole, machozi yanaingia kikombeni, mpaka akakiinua juu kabisa. Akatazama chini tena, na mshale ulikuwa pale pale ulipokuwa. Mimi niliutazama mshale. Mukamana hakuutazama hata mara moja, yeye alitazama kikombe. Akakipokea, akakiinamisha, akaona hakijabaki kitu, akakijaza tena.

Hawakusemezana mengi baada ya hapo. Mukamana aliuliza gauni lenyewe ni la nani, akaambiwa, akasema basi lirudi kwa mwenyewe. Dada yake anashona, na kitambaa cheupe kipo, kilinunuliwa zamani kwa ajili ya mtu mwingine. Sikuuliza ni nani. Tulipoaga alitoka nje nasi, akatusindikiza mpaka barabara kubwa, amemshika Akimana mkono, mvua inamnyeshea. Matangazo yatasomwa Jumapili ijayo.

Usidhani kwamba nimetulia. Kikombe kimoja si dawa. Jana Akimana alikula nusu, akaiacha nusu, akaitazama ile nusu kwa muda mrefu. Kwa hiyo barua yako bado naitaka, tena sasa kuliko juzi. Mwandikie juu ya lolote, juu ya dagaa, juu ya ndoa, lakini mahali fulani mwambie Jumamosi tu. Anakuheshimu.

Leo asubuhi niliamka mapema nikawasha mkaa, nikakaa jikoni natega sikio kama kawaida yangu. Nikasikia chuma kinaburuzwa kwenye saruji. Lakini hakupanda. Alikuja jikoni ameibeba kifuani, akaiweka miguuni pangu, akaniambia, "Mama, hii uifiche wewe. Hata nikikuomba usinipe mpaka Jumamosi." Kisha akachukua bakuli, akajipakulia uji.

Sikuwa na pa kuificha katika nyumba hii. Nimeisukuma chini ya meza na kuweka mfuko wa maharage juu yake. Mshale unasoma uzito wa maharage, na mimi kila nikipita nainama kuhakikisha haujasogea.

Msalimie sana shemeji, mwambie asiache kujifunika kifua. Wasalimie watoto wote, na mama Gatera jirani yako aliyenifundisha kupika migebuka. Kaka yako anasema ukija harusini uje na mengine, yaliyokuja yamekwisha. Mungu akae mlangoni kwako, awalinde mnaotoka na mnaoingia, na barabara zikikubali atukutanishe Januari.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda na kukusumbua,

Cécile