Kompyuta Iliyonyamaza

Kamwene mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Kifanya wote wazima, mahindi yameota vizuri. Unauliza kama babu yako amekasirika ulivyoacha ualimu ukaenda kusomea kompyuta, maana hajakujibu.

Enzi za ruksa, miaka ya themanini mwishoni, nilikuwa karani wa ghala la mbolea Makambako. Ikaletwa kompyuta ya Yuniksi, ngeni kwetu, ya kuandikia amri. Nikaiamuru inakili majina ya wakulima. Kimya. Nikarudia mara tatu, kama mtu apigaye hodi, kisha nikaondoka nalia, nikiamini nimeyapoteza. Asubuhi mwalimu aliyetufundisha kompyuta hiyo akacheka: "Dada, hii husema ikishindwa tu." Majina yote yalikuwemo. Nilivyopumua!

Babu yako alisoma barua yako, akanyamaza. Jumapili wazee wa kanisa wakanipongeza kwa ajili yako. Kumbe ameizungusha barua yako kwa wote.

Bibi yako