Babula Yangu mu Chumba ya Radio

Siku ya pili, jumanne, tarehe 5 mwezi wa 11
Mvua tena. Nimepanguza chumba ya radio, ile mashini ya hospitali inaonaka mifupa ya batu. Miye njo mulinzi wake. Ku soko nilishasema radi ilinipiga mara tatu, mara ya ine ikanikimbia. Leo kable, ile kamba nene inapeleka umeme ku mashini, ililia ta! ikatoa cheche ya bulu. Nikakaa chini. Dada Neema, fundi wa mashini, anasema ni unyevu. Umeme ile iko kali sana, ikipata baridi ya maji inaruka.

Siku ya tatu, tarehe 6
Niko na akili kuliko bale ba diplome. Mvua ikizidi, sisi tunawasha moto chini ya mahindi, inakauka. Basi nimeingiza babula, jiko yetu ya makala ya moto, chini ya kable, mbele ya Neema kufika. Ukuta ikakauka. Nilijisifu hata kwa mbuzi. Neema, sikumuambia; babula niliificha.

Siku ya ine, tarehe 7
Cheche mbili. Ya pili, karibu na mukono wa Neema. Akaruka nyuma:
«Papa Bahati, leo Mungu alikuwa hapa!»
Nikaitika amina. Alipotoka nikaongeza makala.

Siku ya tano, tarehe 8
Bibi yangu wa ndoa, Mama Sifa, ameteleza ku mulima ya Kingi na kitunga ya viazi. Paja imevimba. Bamemuleta na kipoyi, kitanda ya miti ku mabega ya batu. Munganga wa hospitali anataka picha ya mufupa kesho. Mashini ileile. Atalala chini ya kable ile. Naogopa. Naogopa sana.

Posho, jumamosi, tarehe 9
Sikukula. Asubuyi, grupe inayotupatia umeme haiyawashwa, nikapitisha kidole ku kable. Kidole nyeusi. Masizi ya babula yangu. Nikamuambia Neema yote.
«Papa! Masizi njo inapatia umeme njia. Ungeniua!»
«Najua.»
«Na radi yako ya mara tatu?»
«Hata moja, hapana.»
Hakucheka. Tulipanguza kable na alkoli, kitambaa tano, mupaka ya mwisho ikatoka nyeupe. Mama Sifa ku kitanda, analia. Kisha Neema akanitosha inje. Nikasimama nyuma ya mulango, mukono ku kinywa. Mashini ikavuma. Ta! haikukuya.

Siku ya Yenga, jumapili, tarehe 10
Mufupa imepasuka kidogo tu. Itashikana. Mama Sifa anainua picha ku dirisha, anasema mifupa yake iko mizuri kushinda meno yangu. Babula iko inje sasa, mbali na mulango. Namupikia viazi. Ni vile alianguka navyo.